Ndege Tusiowajua Majina

Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa Lushoto, nikalelewa katika ukungu na baridi ya Usambara, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia katika utumishi wa serikali. Jioni, kazi ya ofisi inapokwisha, hutunga mashairi. Baadhi ya mashairi hayo yamesomwa katika sherehe za wilaya, na mengine yamepata bahati ya kupigwa chapa. Siyasemi haya kwa kujisifu, maana kisa nitakachokisimulia hakinipi sifa yoyote. Ni kisa cha aibu ndogo iliyonifunza jambo kubwa, na yamkini aibu hiyo si yangu peke yangu.

Katika shairi langu moja nilimtaja ndege wa pwani. Nilimweka mwishoni mwa mshororo kwa sababu neno hilo "pwani" liliafikiana na kina nilichokuwa nikikitafuta usiku kucha. Ndege huyo aliruka juu ya mawimbi, akalia, akatoweka, na shairi likaisha. Watu walipiga makofi. Mwaka 2022 binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Pili, alilisoma shairi hilo, akanijia na swali.

"Baba, huyu ni ndege gani?"

"Ni ndege wa baharini," nikamjibu.

"Anaitwaje?"

Nilimwambia kwamba katika ushairi jina si la lazima, maadamu msomaji amepata picha. Binti yangu hakubisha, kwa kuwa ana adabu. Alikunja karatasi akaondoka. Lakini mimi nilibaki nimekaa, nikijua kwamba nimemjibu kama mtu aliyeulizwa deni akataja hali ya hewa. Picha gani niliyompa msomaji, nami mwenyewe sikuwa nayo? Sikuwahi hata siku moja kukaa ufukweni nikamtazama ndege kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi shule zilipofungwa mwezi wa Desemba niliomba likizo ya siku chache, nikaazima hema kwa rafiki yangu, nikamwambia mke wangu na watoto kwamba tunakwenda kupiga kambi pwani. Tulishuka kwa basi alfajiri, tukapita Soni na kona zake, tukafika Mombo ambako joto hukupokea mlangoni pasipo hodi, kisha Korogwe, Muheza na Tanga. Kutoka Tanga tulishika njia ya Pangani hadi Tongoni. Huko tulijitambulisha kwa uongozi wa kijiji, nao wakatuonyesha mahali penye kivuli cha minazi, karibu na nyumba ya mzee mmoja mvuvi. Tulikuwa tumebeba kikapu cha viazi na kabichi za kwetu. Mzee alipokipokea alicheka akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sikujua wakati ule kwamba methali hiyo ingenirudia mara nyingi katika siku zilizofuata.

Tongoni ni mahali penye mambo mengi ya kale. Yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, kumbukumbu ya mji wa Waswahili uliostawi kabla ya kuja kwa Wareno. Vasco da Gama na watu wake walipita katika maji hayo mwaka 1498, na merikebu yao moja iliyoitwa São Rafael ikakwama katika fungu. Walipotazama bara waliiona milima mirefu ya kupendeza, wakaipa jina la merikebu yao. Wanahistoria huitambua milima hiyo kuwa ni Usambara. Karne nne baadaye walikuja Wajerumani, nao wakauita mji wetu wa Lushoto kwa jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Majina yote mawili yamekufa. Hayakufutwa kwa bunduki. Yalikufa kwa sababu wenyeji hawakuacha kutumia majina yao wenyewe. Mama alipomtuma mtoto gulioni, alimtuma kwa jina alilolijua. Jina huishi kinywani mwa mtu anayelihitaji.

Siku ya pili tuliamka kabla ya jua. Mwezi ulikuwa umeandama karibuni, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, nayo yalikuwa yamekupwa mbali sana. Pale palipokuwa bahari jana jioni palikuwa na uwanda wa tope na mchanga, unaong'aa kama sinia, na mikoko imesimama pembeni kwa mizizi yake. Katika uwanda huo walikuwako ndege. Sikuweza kuwahesabu. Wengine walikuwa wadogo kuliko kifaranga cha kuku cha wiki mbili, rangi yao kama ya mchanga wenyewe, hata waliposimama walipotea machoni na walipokimbia walionekana tena. Wengine walikuwa wakubwa, wenye miguu mirefu na midomo iliyopinda kuelekea chini. Na kando kabisa lilikuwako kundi la ndege weupe wenye mabaka meusi mgongoni, wenye midomo minene, wakikimbiza kaa kwa bidii ya watoto wanaocheza mpira.

Watoto walinigeukia. Mimi ndimi baba, mimi ndimi mshairi, na mimi ndimi niliyewaleta. Nilifungua kinywa nikasema, "Tazameni ndege." Maneno yangu yote yaliishia hapo.

Aliyetuokoa ni yule mzee mvuvi, aliyekuwa akirudi kutoka kuyatazama madema yake. Tulimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akachutama kando yetu. Binti yangu akamwuliza jina la yule mkubwa mwenye mdomo uliopinda.

"Yule ni sululu, mjukuu wangu."

Watoto walicheka. Kwetu Lushoto kila nyumba ina sululu ya kuchimbia mawe na kukata matuta shambani, nao hawakuwahi kusikia kwamba sululu anaweza kuruka.

"Mtazame mdomo wake," mzee akasema. "Umepinda kama chuma cha sululu. Naye anachimba kutwa. Ila sululu yake haikopeshi kwa jirani."

Tukamtazama. Kweli alikuwa akiuzamisha mdomo katika tundu, akiuzungusha, akitoa kaa, akamtikisa mpaka miguu ikadondoka, akammeza. Tangu siku ile neno ambalo nilikuwa nimelitumia tangu utotoni lilipata mwili wa pili. Sijui kitabu cha sarufi ambacho kingeweza kunipa furaha ile.

"Na wale wadogo?"

"Vitwitwi."

"Wote, babu?"

Mzee alifikiri kidogo. "Sisi twawaita vitwitwi wote. Lakini wewe una macho ya ujana. Watazame, kisha utuambie kama ni kabila moja."

Hiyo ndiyo kazi aliyompa, na kwa siku tatu binti yangu aliifanya. Alikuwa na daftari la hesabu lenye kurasa tupu nyuma, na darubini moja kuukuu tuliyoazima pamoja na hema. Aligundua kwamba vitwitwi wengine hukimbia hatua chache, husimama kimya, hutazama, kisha hudonoa mara moja. Hao wana macho makubwa na midomo mifupi, na huwinda kwa kuona. Wengine hawasimami kamwe; hutembea wameinama wakichoma tope haraka haraka kama cherehani. Hao hutafuta chakula kwa kuhisi, maana ncha ya mdomo wao ina uwezo wa kutambua mdudu aliyejificha gizani. Mwenye mdomo mfupi hula cha juu, mwenye mdomo wa wastani hula cha kati, naye sululu huchimba chini kabisa. Hivyo meza ni moja, na kila mmoja ana sahani yake. Wale weupe wenye mabaka meusi hatukuwapatia jina kwa mtu yeyote siku hizo. Watoto wakawaita "mla kaa", nami sikuona sababu ya kuwakataza.

Mtoto wangu wa kiume, ambaye tumbo lake ndilo humwongoza, alimwuliza mzee kama ndege hao huliwa. Mzee hakumficha. "Mwaka wa njaa tuliwala," alisema. "Tulitega usiku. Njaa haina haya. Lakini nyama yao haijazi kiganja, na mwaka uliofuata tuliwaona wamerudi vilevile, kana kwamba hatukuwatendea neno. Nilijisikia vibaya. Tangu hapo sikutega tena."

Nilipata baadaye kusoma habari za safari zao, nami nakiri kwamba kama ningezisikia katika hadithi ningedhani msimulizi ametia chumvi. Wengi wa ndege tuliowaona hawazaliwi kwetu. Wapo vitwitwi wenye uzito wa gramu 60 tu, karibu sawa na uzito wa yai la kuku, ambao hutagia katika nyanda za baridi kali za kaskazini ya Siberia, wakati wa kiangazi kifupi ambacho jua halitui. Mayai yakishaanguliwa na makinda yakipata mbawa, huanza safari ya kuja kusini, na kuanzia Agosti hadi Oktoba huwa wamewasili katika fukwe zetu. Yule mla kaa naye hutagia katika visiwa na fukwe za mchanga za Somalia, Oman na Ghuba. Huchimba shimo kama panya na kutaga yai moja jeupe ndani yake. Mwaka 2022, mwaka uleule wa safari yetu, ndege mmoja wa jamaa ya sululu, kinda la miezi mitano tu, alifungiwa chombo kidogo cha kufuatia safari yake, akaruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilometa 13,560, kwa siku 11, pasipo kutua wala kula.

Pwani yetu, basi, kwao si mahali pa kupitisha muda. Hapa ndipo hujaza tumbo, hubadili manyoya, na hukusanya mafuta ya kuwarudisha kwao mwezi wa Aprili. Kaskazi inapovuma wapo nasi. Kusi inapoanza, wamekwisha kuaga. Ni kalenda ileile waliyoifuata manahodha wa majahazi kwa karne nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii sasa niliisikia kwa sikio jipya, nikajiuliza kama nasi wenyeji tunamponya mgeni.

Usiku wa mwisho nililala chelewa. Maji yalikuwa yakijaa, na ndege waliokuwa wametawanyika uwandani walifukuzwa na maji hatua kwa hatua hadi katika mchanga mkavu. Gizani nilimsikia sululu akipiga mluzi wake, sauti fupi fupi zinazofuatana mara sita au saba. Sauti ile ilinirudisha mbali.

Marehemu baba yangu alikuwa mkulima. Hakwenda shule. Katika msitu uliopakana na shamba letu alikuwako ndege mmoja ambaye alipolia baba aliweka jembe chini, akasikiliza, akamwambia mama kwamba mvua za vuli zimekaribia. Alimtaja ndege huyo kwa jina la Kisambaa. Nililisikia jina hilo labda mara mia. Lakini nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimevaa soksi, na kichwa changu kilikuwa kimejaa majina ya mito ya Ulaya. Ndani ya hema lile, nikiwa na umri unaozidi miaka hamsini, nililitafuta jina hilo nisilipate. Nilimwamsha mke wangu nikamwuliza, naye hakulijua. Baba amefariki, mama amefariki, na sehemu ile ya msitu imekuwa shamba la viazi. Sikulia, lakini nilikaa macho hadi alfajiri. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba swali la binti yangu halikuhusu pwani peke yake.

Katika milima yetu ya Usambara wako ndege wasiopatikana penginepo popote duniani. Mmoja wao, ambaye wataalamu humwita Sheppardia montana, huishi katika misitu ya Usambara Magharibi tu. Hana nyumba ya pili. Elimu kubwa ya ndege wa nchi hii ilianzia katika milima hiihii. Mwaka 1928 Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, alifika katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki. Alikaa huko karibu miaka 20, akawa miongoni mwa mabingwa wa elimu ya ndege wa Afrika, na kitabu chake juu ya ndege wanaosafiri kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitolewa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake. Lakini Moreau hakuyaona yote kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa na wasaidizi Waafrika, na mmoja wao aliitwa Salimu Asmani, mtu aliyejua kutafuta viota na kuwaangalia ndege kwa uvumilivu. Simpunguzii Moreau heshima yake. Nauliza tu: ni wanafunzi wangapi wa Tanga wanaolijua jina la Salimu Asmani? Mtu huyo alifanya kazi tunayodhani ni ya wageni, akaifanya katika misitu tunayopita kila siku tukienda kukata kuni.

Mwezi wa Juni mwaka uliofuata nilitumwa Tanga kikazi, nikamchukua binti yangu kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Tulifika Tongoni maji yakiwa yamekupwa. Uwanda ulikuwa mweupe. Binti yangu alitazama kwa darubini kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, kisha akaishusha. "Baba, wamekufa?" Nilijua kwa kusoma kwamba wamekwenda kutaga, lakini kujua kwa kusoma na kusimama mbele ya uwanda mtupu ni mambo mawili. Mzee mvuvi ndiye aliyetuonyesha, mbali karibu na mikoko, sululu watatu. Ndege wachanga wa mwaka wa kwanza aghalabu hawarudi kaskazini. Hubaki huku wakikua. "Hao ni walinda nyumba," mzee alisema. "Wenzao watarudi."

Natamani niamini hivyo bila wasiwasi. Alikuwako sululu wa aina nyingine, mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akitagia Siberia na kuhamia pande za bahari ya Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Morocco mwaka 1995, na mwaka 2025 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Watu walimwinda, na nyanda zake zikalimwa na kukaushwa. Kuna walinda nyumba waliowangoja wenzao wasiwaone. Ndege anayesafiri ni kama mnyororo: ukikatwa pete moja, iwe Siberia, Ghuba au Tanga, mnyororo wote umekatika. Ndiyo sababu mataifa yalitia sahihi mkataba wa kuhifadhi ardhioevu mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971; Tanzania ikajiunga mwaka 2000, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa katika orodha ya mkataba huo. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mkataba hukaa katika kabati, na mikoko hukatwa ufukweni. Anayeweza kumzuia mwenye shoka ni jirani yake, naye atamzuia kwa sababu ya kitu anachokijua na kukitaja.

Ndugu walimu, nanyi wanafunzi, tumezoea kuutafuta utamaduni wa taifa katika ngoma, mavazi na vyakula, na hayo ni kweli. Lakini majina ambayo wazee wetu waliwapa ndege, miti, samaki, pepo na maji ni sehemu ya utamaduni huo, tena ni sehemu isiyopigiwa ngoma, kwa hiyo huondoka kimya. Bamvua, maji mafu, sululu, kitwitwi: kila neno hapa ni matokeo ya watu waliotazama kwa makini miaka mingi. Kazi ya kuyakusanya haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kalamu, na mtoto mwenye adabu ya kuamkia na ujasiri wa kuuliza. Aanze na bibi aliye nyumbani, leo, kabla ya mavuno yajayo. Mimi nilichelewa.

Shairi langu nimelirekebisha. Yule ndege wa pwani asiye na jina nimemwondoa, na mahali pake yupo sululu, anachimba. Kina kilinisumbua wiki mbili, lakini kilikubali. Daftari la binti yangu nalo limejaa karibu lote. Katika ukurasa wa ndege wa milimani ameandika majina tuliyoyapata kwa wazee wa Lushoto, na katika mstari wa kwanza, mbele ya maneno "ndege wa babu aliyetabiri vuli", ameacha nafasi tupu. Kila ninapokutana na mzee wa kutoka upande wetu namwamkia, namwiga sauti ya ndege yule kadiri ninavyoikumbuka, na namwuliza.